Mpishi Asiyeonja

Jumatatu, 4 Novemba

Mpishi wa mkahawa wa Mama Yim, hapo chini ya jengo letu, kaacha kazi! Kahamia Kanada kwa mwanawe! Habari nimezipata kwenye lifti, na kwa furaha nikashuka ghorofa isiyo yangu.

Mama Yim ametangaza mbele ya wateja. Jumamosi saa tisa mchana, yeyote wa mtaa huu aje apike wali wa nyama ya ng'ombe ya kusaga, ule wa kawaida, wenye njegere na yai bichi juu. Atakayemridhisha atapewa jiko. Hataki mpishi wa hotelini. Anataka mkono wa nyumbani.

Mkono wa nyumbani ninao! Sijawahi kuutumia kupikia, lakini ninao.

Kazi hii lazima niipate. Tangu nilipofukuzwa ulinzi (nilisinzia kidogo tu, na mwizi mwenyewe hakuchukua kitu cha maana), mke wangu Lai-Fong kahamia kwa dada yake kule Tuen Mun. Alisema atarudi siku atakayoniona kazini kwa macho yake. Maneno yangu ameshayachoka. Nyumba imepoa. Nimebaki na Mama, ambaye kila asubuhi ananiuliza Lai-Fong yuko wapi, na anajua fika.

Nikampigia simu Lai-Fong papo hapo. Nilitaka kumwambia kwamba nitajaribu. Sijui ulimi uliteleza vipi, nikamwambia kazi nimeshapata! Mpishi mkuu! Akasema haya, Jumamosi atakuja kula. Kama atakuja na mzigo wake au bila mzigo, hilo ataliamua mwenyewe.

Jumamosi! Moyo unanidunda kama wa kijana.

Jumanne, 5 Novemba

Jambo kubwa haliendi bila Kwun Yam, mungu wetu wa huruma. Nikapanda basi hadi hekaluni, nikawasha udi, nikapiga magoti, nikaanza kutikisa kopo la vijiti vya bahati. Nilitikisa kwa nguvu mno, vikaruka vitatu pamoja. Bibi wa pembeni akanisonya. Nikarudia. Kikadondoka kimoja, nikampelekea msoma bahati pale nje. Akasema kijiti ni kizuri sana, ila niwasikilize walio karibu nami. Hiyo sehemu ya pili sikuitilia maanani. Huambiwa kila mtu.

Nikarudi ndani kushukuru, na hapo ndipo furaha iliponipanda kichwani. Mtu akiomba jambo zito huweka nadhiri, na nadhiri ya watu wa kwetu inajulikana: unaacha nyama ya ng'ombe. Nikaapa kwa sauti, hekalu zima likasikia. Ewe Mama wa Huruma, nipe jiko la Mama Yim, nami sitatia nyama ya ng'ombe mdomoni hadi naingia kaburini!

Nikashuka ngazi mwepesi kabisa. Nikapita sokoni, nikanunua nyama ya ng'ombe, muuzaji akaikatakata kwa visu viwili mpaka ikalainika. Nikachukua njegere, vitunguu, mayai, na chupa kubwa ya sosi ya soya. Kufika nyumbani nikamsimulia Mama yote, nadhiri na kila kitu. Mama akaweka kikombe chake chini. Akaniuliza, "Sasa wewe mwana, hiyo nyama nani atakuonjea?"



Jumatano, 6 Novemba

Hakuna kilichoharibika! Ataonja Mama. Aliyeapa ni mimi, siyo yeye.

Nikapika. Karai likashika moto, mafuta yakarukia kalenda. Kitunguu kikaungua upande mmoja, nikakigeuza, kikaungua na wa pili. Nyama nikaimimina yote kwa mpigo, ikagandana, nikaivunjavunja kwa mwiko huku naimba. Sosi ya soya, sosi ya chaza, sukari kidogo, konaflawa iliyokorogwa kwa maji. Harufu yake! Mate yalinijaa hadi nikaziba mdomo kwa mkono, nisije nikaivunja nadhiri bila kutaka.

Mama akaonja. Haina chumvi. Nikaongeza. Bado. Nikaongeza tena. Mama akasema sasa angalau anahisi kuna kitu mdomoni. Nilimkumbatia! Kipimo nimekikariri kichwani.

Baadaye nikakumbuka kwamba Mama hula samaki wa chumvi kwa kumchovya kwenye sosi ya soya. Lakini Mama ni Mama, hawezi kunipotosha.

Jioni likazuka balaa. Jirani yangu wa mlango wa pili, Ngan, ambaye sote tunamwita Bonge, fundi lifti mstaafu, naye atapika Jumamosi! Kaacha mlango wa mbao wazi makusudi, kabakiza geti la chuma tu, ili harufu ya chakula chake ijae korido nzima. Nikapita pale nikienda na kurudi, kama mtu anayetafuta paka. Paka sina. Bonge akanichungulia getini, akauliza, "We Sang, huko kwako unapika au unachoma tairi?" Majirani wakaangua kicheko. Nikamjibu kuwa tairi analo yeye kiunoni. Wakacheka zaidi. Nimemweza!

Alhamisi, 7 Novemba

Leo nimejipongeza mwenyewe mara kadhaa. Akili ninayo.

Bonge anajua kula, hilo halina ubishi. Nikapika, nikampelekea bakuli kama zawadi ya kijirani. Uso wake ungenieleza kila kitu, hata kama mdomo ungeficha!

Akalipokea kwa mikono miwili. Akala kijiko kimoja. Macho yakamtoka, akakohoa, akaingia ndani kutafuta maji. Akarudi, akanishika bega, akasema kwa upole, "Kaka, nyama umeipatia, laini kweli. Lakini chumvi, ndugu yangu! Punguza nusu, halafu punguza tena. Nakwambia kwa nia njema."

Nia njema! Bonge huyu! Tangu lini mpinzani akakupa ushauri kwa upole? Nikainamisha kichwa, nikamshukuru, nikarudi kwangu nikicheka peke yangu. Mbinu yake nimeing'amua palepale. Akisema nipunguze, ina maana chumvi ndiyo inayomtisha. Nimeongeza vijiko viwili.

Lai-Fong akapiga simu. Akauliza kama kazi ni ngumu. Nikamwambia mikono inauma. Huo si uongo, vidole nimejichoma vyote. Kabla ya kukata akasema dada yake haachi kuongea, na kwamba amezikumbuka kelele za lifti yetu. Kelele za lifti! Nani hukumbuka kelele za lifti? Kanikumbuka mimi! Nimerukaruka sebuleni hadi wa ghorofa ya chini wakagonga dari.

Ijumaa, 8 Novemba

Wasiwasi kidogo. Kuonja na kutema, je, ni kula? Nikamuuliza Mama. Mama akasema Kwun Yam si muuza samaki wa kukatiana naye bei. Basi nikanusa tu. Pua yangu inasema mambo safi.

Kwa mazoezi nikapika nyama ya nguruwe, hiyo sikuiapia. Nikatia chumvi kiduchu, nikaonja, nikatia nyingine kiduchu, nikaonja tena. Tamu! Tamu hasa! Mama alilalamika kwamba haina ladha, lakini bakuli kalimaliza. Mimi nilikwangua hadi ukoko wa chini ya sufuria, nikautafuna nikiwa nimesimama.

Nikakaa nikapiga hesabu zangu. Ikiwa nguruwe mwenye chumvi kidogo ni mtamu hivi, ng'ombe mwenye chumvi tele atakuwaje? Kesho watalia!

Jumamosi, 9 Novemba

Walilia.

Nianze mwanzo. Mkahawa ulijaa hadi nje. Mama Yim kasimama mikono kiunoni. Wapishi tulikuwa wawili tu, mimi na Bonge. Mara mlango ukafunguliwa, akaingia Lai-Fong, koti la bluu, nywele kazitengeneza, na mkononi begi la magurudumu. Kaja na begi! Nilichangamka nikataka kupasua yai kwa mkono mmoja kama wale wa kwenye televisheni. Likaishia kiatuni.

Lai-Fong akamuuliza Mama Yim kwa utani mpishi wake mkuu mpya anapendaje chai yake. Mama Yim akashangaa, "Mpishi mkuu gani? Si ndiyo tunamtafuta leo!" Lai-Fong akanigeukia. Akakaa meza ya karibu na mlango, begi kalibana katikati ya miguu, kama mtu anayesubiri basi. Nilitamani sakafu ipasuke.

Sahani ya Bonge ikatangulia. Watu wakala kimya, zikasikika vijiko tu. Kisha yangu. Mama Yim akachota, akatia mdomoni, akafumba macho. Akanywa chai yake ya maziwa yote. Akanywa na ya mteja wa pembeni. Mzee mmoja alionja, akauliza kama nyama nimeivua baharini. Mwingine machozi yalimtoka kweli. Mama Yim akanisukumia sahani, akasema, "Haya, mpishi. Kula wewe tukuone."

Watu wote wananitazama. Bonge ananitazama. Lai-Fong ananitazama. Kijiko kimoja tu, na aibu ingepungua nusu. Nilikishika kile kijiko, hakika nilikishika. Nikakiinua. Mkono ukakataa.

Nikakiweka chini, nikasema yote. Kwamba kazi sikuwa nayo, nilidanganya. Kwamba kupika sijui. Kwamba nilimwapia Kwun Yam sitakula nyama ya ng'ombe maishani, ili nishinde kwenye kupika nyama ya ng'ombe. Sikuonja hata mara moja. Siwezi kuonja. Hata sasa sitaonja.

Mkahawa ulilipuka! Bonge alicheka hadi akaegemea friji. Mama Yim alijifuta machozi kwa aproni, ya kicheko au ya chumvi sijui.

Lai-Fong hakucheka. Akainuka, akaja, akavuta sahani yangu, akaanza kula. Kijiko baada ya kijiko, machozi yanamtiririka, na hasimami. Nikamsihi aache, atapata presha. Akafika nusu ndipo akaweka kijiko chini. Akaniambia mbele ya wote, "Sang, tangu unioe, hii ndiyo ahadi ya kwanza nakuona unaitimiza. Ya kijinga, lakini umeitimiza. Chukua begi twende nyumbani. Na maji. Nipe maji kwanza."

Nililia. Sifichi. Nililia kwa sauti mbele ya mtaa mzima, na sikuona haya hata kidogo.

Jiko kapewa Bonge, haki yake. Halafu yule Bonge, papo hapo, akamwambia Mama Yim kuwa hawezi peke yake, anataka msaidizi wa kukatakata vitunguu na kuivisha wali, na anamtaka Sang. Mimi! Nina kazi! Naanza Jumatatu!

Jumapili, 10 Novemba

Lai-Fong yuko nyumbani! Anakoroma! Mama kamwambia kuwa kakonda, kampa samaki wa chumvi. Lai-Fong kamkataa kwa heshima zote.

Nimeamka mapema nikifikiria. Kwa nini Bonge aliniambia ukweli kuhusu chumvi? Nikageuka huku, nikageuka kule. Kumbe! Alijua sitamwamini! Ndiyo maana aliusema! Mtu mjanja huyu, hatari tupu. Na sasa kaniweka chini yake anichunge kwa karibu.

Nikamwamsha Lai-Fong kumweleza. Akanisikiliza jicho moja limefumba. Akasema Bonge ni mtu mwema na hana hila yoyote, nami nifanye atakaloniambia, hilo hilo, bila kuongeza wala kupunguza. Akanitaka nimwahidi. Nikamwahidi kwa moyo wangu wote. Akasema kesho mchana atakuja na Mama kula, waone nilivyo na aproni.

Jumatatu, 11 Novemba

Naandika nimekaa juu ya gunia la mchele, jikoni kwa Mama Yim! Aproni nyeupe! Mkahawa umefurika. Wateja wa mchana wako kwenye foleni hadi karibu na lifti, na Lai-Fong na Mama wamekaa meza ya mbele kabisa. Lai-Fong kanipungia mkono. Kawaambia watu wa meza ya pili kwamba wali wa leo kapika mume wake. Kwa fahari! Nimemsikia kwa masikio yangu!

Bonge anakaanga nyama. Kazi yangu ni sufuria kubwa la wali. Asubuhi alikuja, akachovya kidole chake cha shahada mle sufuriani, akanionyesha: maji yavuke mchele kwa pingili moja ya kidole, yasizidi. Pingili moja! Kwa sauti ile ile ya upole!

Nikatabasamu. Nikamwitikia ndiyo, kaka. Alipogeuka tu nikaweka maji ya kidole kizima.