Kibuyu cha Mlokole

Mwaka ule wa sabuni ya mgawo, wazee wa benchi la Dafroza, pale Nyakatuntu, walikaa wakitafuna punje za kahawa kama mbuzi waliopewa likizo. Dafroza akikamua ndizi zake, macho kwenye ndizi, masikio kwenye benchi. Anatory, ambaye tangu aokoke walikwishamwita Mlokole, alikuwa amekumbatia kibuyu.

Twagirayezu, jina la benchini Redio, akafungua matangazo. "Mmesikia? Yule mgeni Mzungu jana kanisani kasema Mlokole asije aka-recidivate! Mkalimani akakohoa, akaliruka."

Mlokole akashtuka. Jumapili ijayo angesimikwa mzee wa kanisa. "Ni tusi?"

"Ni Kilatini," akasema Polikarpi, aliyefukuzwa seminari kwa kucheka misani. "Re ni tena, cadere ni kuanguka. Waingereza wakaliokota wakalivalisha suruali. Mtu kaacha ubaya wake, mara huyoo, kaurudia!"

"Basi halinihusu!" Mlokole akapiga funda la kujipongeza.

Dafroza akanusa hewa. "Wee Anatory, humo mna nini?"

"Juisi ya ndizi, mama. Si umenipa mwenyewe jana?"

"Jana ilikuwa juisi. Ukaniomba nikutilie mtama wa kukaanga, eti wa harufu. Imelala na mtama wake, imeamka pombe. Hiyo ni rubisi!"

"Mimi niliianza ikiwa juisi! Leo namalizia tu. Kilichoanguka ni kibuyu!"

"Kibuyu kiliokoka lini?" akauliza Polikarpi.

"Jumapili kisimikwe nacho!" Redio akadakia. "Kikae mbele, kivae tai!"

Wakacheka mpaka kahawa zikawatoka puani. Mara kengele ya baiskeli, krriing! Mwinjilisti Celestin, msimikaji mwenyewe. Mlokole akakificha kibuyu chini ya benchi kwa visigino. Kikapinduka, povu likamtiririkia miguuni.

Dafroza akamwonea huruma, lakini si sana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mwinjilisti akalitazama lile povu, akakohoa kama mkalimani, akamwinamia Dafroza sikioni. Lakini ya sikioni ndiyo Redio huyasikia vizuri zaidi.

"Mama, ile juisi yangu ya jana umenitunzia?"

"Ipo," akajibu Dafroza kwa sauti ya mnadani, "na mtama wako ndani!"

Mlokole akaokota kibuyu chake hadharani, akasogea kumpa nafasi.

"Karibu, mwinjilisti. Hapa hatuanguki. Tunakaa."