Gazeti Moja la Mtinko

Jumatatu, 5 Agosti 1957.
Gazeti limefika na lori la chumvi. Hapa Mtinko wanaojua kusoma ni wachache, na mwenye sauti ni mmoja: mimi, Naftali, mtu aliyefika Dodoma mara mbili! Asubuhi nimemsomea Mzee Alute, baba yake Yunisi. Yeye ni wa chama cha UTP, anasema Mwingereza asiharakishwe kuondoka. Nikamwambia gazeti linasema UTP wamejaa nchi nzima, hata pa kukaa hawana. Akaniita mwanangu. Mchana nimemsomea Mzee Marko, mjomba wa Yunisi. Huyu ni TANU mpaka kwenye unyayo, anataka uhuru kabla ya mavuno. Nikamwambia wakubwa wa Ulaya hawapati usingizi kwa ajili ya TANU. Naye akaniita mwanangu. Bila hawa wawili simpati Yunisi. Ukurasa wenyewe? Chanjo ya ng'ombe.

Alhamisi, 8 Agosti.
Balaa! Wazee wamekutana kisimani, wakatambiana, kila mmoja akiapa kwa gazeti lilelile. Wakaja kwangu na fimbo. Nikawapa shikamoo mbili mbili, nikawaeleza kwa upole kwamba gazeti la kisasa hutoka mara mbili, la asubuhi na la mchana. Wakatulia. Akili hii, jamani! Ila nyuma yao alikuwapo Yunisi, na Yunisi kasoma misheni mpaka darasa la nne. Akauliza hilo la mchana linaletwa na lori gani. Nikakohoa. Akanivuta pembeni: Jumapili, nje ya kanisa, nisome kilichoandikwa, hicho tu, mbele ya wote. Nikiweza, atamwambia baba yake ananitaka. Nikishindwa, nikatafute mwingine wa kumdanganya.

Jumapili, 11.
Nimesoma. Neno kwa neno! Chanjo. Bei ya karanga. Siasa mistari sita tu: TANU wamekutana, UTP wamekutana, wote wamerudi nyumbani. Mzee Alute akasema gazeti limenunuliwa na TANU. Mzee Marko akasema limepigwa chapa na wazungu. Yunisi akatabasamu. Kwangu! Ilibaki kulikunja tu. Lakini nikamwona Mzee Marko, mdomo unamcheza kama mtoto aliyenyimwa maziwa. Mzee Alute naye macho chini. Mimi roho yangu laini. Nikaongeza mstari wa saba: vyama vyote viwili vinakuja Mtinko kuomba ushauri wa wazee wawili, Alute na Marko. Vigelegele! Wazee wakakumbatiana! Yunisi akalichukua gazeti mkononi mwangu, akalitazama, akalikunja vizuri, akaenda zake.

Jumatatu, 12.
Mzee Alute kaleta jogoo. Mzee Marko kaleta asali. Wote wanafagia nyua, wanangoja wageni. Yunisi kamtuma dada yake aniambie nisipite hata karibu na zizi lao. Nimetafakari sana. Nimejirekebisha. Nimemwandikia barua ya kumjulisha kwamba Naftali ameacha uongo kabisa, tangu jana. Na kwa kuwa neno langu hataliamini, nimetia saini ya mchungaji. Chini yake nimeongeza ya askofu.