Nani Kapoteza Baba?

Bahari yote ya Fethiye, kusini mwa Uturuki, na visiwa vyake, na mapango yake, na samaki wake wakubwa kwa wadogo, ilikuwa imekaa miaka yote ikimsubiri Bedri. Hivyo ndivyo Bedri mwenyewe alivyoamini, na hakuona sababu ya kuwaficha watu.

"Nahodha?" alifoka pale gatini, mikono kiunoni. "Nikodi boti halafu nipewe nahodha pia? Kwani samaki naye anapelekewa mwalimu wa kuogelea?"

Zekeriya, mwenye boti, jamaa mwembamba aliyekaushwa na jua akabaki kama dagaa, alimpima kwa macho kutoka juu hadi chini. Juu palikuwa na kofia nyeupe yenye nanga ya dhahabu, imenunuliwa jana yake, kikaratasi cha dukani bado kinaning'inia. Chini palikuwa na makubadhi. Ndani ya makubadhi, soksi!

"Umewahi kuendesha, kaka?"

"Jeshi la majini," akanong'ona Bedri, kama anayetoboa siri ya serikali.

Na hakudanganya. Jeshi la majini alilitumikia kweli enzi za ujana wake. Ila alilitumikia Ankara, mji ambao bahari yake ya karibu ni ile iliyochorwa kwenye kalenda, na silaha aliyokabidhiwa ilikuwa pasi. Alinyoosha suruali za makamanda mpaka muda wake ukaisha, akarudi kwao Konya, akafungua duka la mapazia. Tangu siku hiyo hakuna mteja aliyetoka mle bila kusimuliwa dhoruba. Dhoruba gani? Ya mvuke wa pasi, labda!

Lakini dhoruba ya kweli katika maisha ya Bedri ilikuwa mama mkwe wake, Bibi Makbule. Mama huyu alizeeka katikati ya mashamba ya ngano na hakuwa ameiona bahari hadi juzi, bintiye Nermin alipombembeleza aje nao likizo, asiendelee kujifungia ndani na majonzi ya marehemu mumewe. Alipoiona bahari kwa mara ya kwanza aliikodolea macho, akasema, "Maji mengi. Na hata kumwagilia hayafai." Akageuka akaulizia chai.

Mkwe wake mwingine, daktari wa meno, aliitwa naye "mwanangu daktari." Bedri aliitwa "huyu wa mapazia." Miaka yote hiyo! Basi Bedri alikuwa ameapa moyoni kwamba jua la siku ile halitazama kabla hajaitwa "mwanangu nahodha." Ndiyo maana, bila kumuuliza mtu, alikuwa amefuta nafasi ambazo Nermin alishaziweka kwenye meli kubwa ya matembezi, ile ambayo abiria hucheza muziki huku wakimwagiwa mapovu ya sabuni.

"Baba Defne," Nermin alisema huku akipakia kapu la chakula, "ile meli ina kivuli. Ina choo. Ina mtu anayejua."

"Na hii ina mimi!"

"Ndicho nilichosema," akajibu Nermin.

Wakapanda. Bibi Makbule aliingia na bismillahi, akakaa katikati na tikiti maji kubwa mapajani, amelikumbatia kama mjukuu. Defne, binti yao wa darasa la sita mwenye ulimi kama wembe, akakaa nyuma na simu yake tayari kupiga picha.

Bedri akawasha injini. Akasimama wima, akashika usukani, akavuta pumzi iliyotosha kujaza tanga. Akaongeza moto!

Injini ikanguruma. Maji yakachemka nyuma. Boti ikatetemeka mwili mzima kama mgonjwa wa malaria. Na haikwenda popote.

"Mkondo!" Bedri alipaza sauti. "Leo mkondo ni mkali!"

Akaongeza tena. Gati likalia kwii! Zekeriya akaja mbio, kikombe cha chai mkononi, anapiga kelele ambazo hazikusikika.

"Baba," Defne akasema, "huo mkondo umefungwa kwenye nguzo."

Kamba ya nyuma! Ilikuwa imekazwa kama uzi wa gitaa, na gati zima lilikuwa linajiuliza kama liondoke nao. Bibi Makbule alimtazama tu mkwe wake kama anavyotazamwa punda aliyegoma sokoni. Zekeriya akaifungua kamba, na boti ikachomoka kama pipi iliyobanwa kwenye jino. Kofia ikaruka, Nermin akaidaka.

Baada ya hapo, tuseme haki, mambo yalikwenda vizuri kwa muda mrefu kiasi cha kumharibu mtu kichwa. Bedri alielekeza kidole huku na huku akitaja majina ya visiwa, na kisiwa ambacho hakukijua alikipa jina papo hapo. Wakafika kwenye ghuba moja ndogo, maji ya kijani yanayong'aa, mbele yake kisiwa cha mawe chenye mbuzi. Nermin akatandika kitambaa, akapanga wali uliofungwa kwenye majani ya mzabibu, jibini, nyanya, zeituni.

"Tutie nanga," akaamuru Bedri.

Akaichunguza nanga. Akalichunguza fundo lililoishikiza kamba kwenye boti. Akacheka kwa dharau.

"Nani kafunga hivi? Fundo la mchunga mbuzi! Tazama fundo la kijeshi."

Akalifungua, akafunga lake. Lilikuwa fundo zuri ajabu, lina masikio mawili yaliyolingana na mkia unaoning'inia. Nermin alilitambua mara moja. Lilikuwa lilelile la kubania mapazia asubuhi, ambalo ukilivuta kidogo tu pazia linafunguka lenyewe, bila usumbufu.

"Bedri, hilo si..."

Pwaa! Nanga ikazama. Kamba ikaifuata, mzunguko baada ya mzunguko, ikafika kwenye fundo, ikalivuta kidogo tu, fundo likafunguka lenyewe, bila usumbufu. Ncha ya kamba ikapita ukingoni ikapotea.

Mbuzi mmoja akalia kisiwani.

"Itaelea?" akauliza Bibi Makbule kwa upole.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema "Samahanini," wakala chakula chao, wakarudi. Lakini Bedri alimwona mama mkwe akimtazama, na akaona ule "mwanangu nahodha" unazama sambamba na nanga. Akavua soksi.

"Msiwe na wasiwasi! Naifuata!"

Akaruka akiwa bado amevaa jaketi lake la kuelea!

Sasa, jaketi la kuelea kazi yake ni moja tu, na lile lilikuwa zima na lenye bidii. Bedri alizama hadi kidevuni, likamrudisha juu. Akajikunja, akaelekeza kichwa chini, miguu ikapiga hewa kama ya bata anayetafuta chakula, likamrudisha juu. Akatukana kidogo, likamrudisha juu. Juu kule, Defne alikuwa amekaa sakafuni mwa boti, hoi kwa kicheko.

Walipokuja kuinua macho, upepo mwanana ulikuwa umeichukua boti isiyo na nanga, ukaanza kuitembeza. Bedri akaogelea kwa nguvu kuifuata. Boti haikuwa na haraka, lakini ilimzidi. Mwishowe pumzi ikamwisha, akageukia kisiwani, akapanda mawe kwa magoti.

"Bedri!" Nermin alilia, na safari hii hakukuwa na mzaha katika sauti yake. "Mama, tutamwacha! Mimi hata baiskeli siiwezi!"

Bibi Makbule akampa Defne tikiti maji. Akajifunga vizuri kitambaa cha kichwa. Akasogea mbele, akakitazama kile kiti, ule usukani, kile kijiti cha kuongezea moto.

"Wapi breki?"

"Haina, bibi."

"Basi ni trekta iliyolowa," akasema Makbule, akaiwasha.

Kule kisiwani Bedri alikuwa amesimama juu ya jiwe, maji yanamchuruzika, mbuzi wamemzunguka kama wajumbe wa kikao. Kwa mbali akaona meli kubwa ya matembezi inakuja, muziki unadunda, watu wamejaa mapovu. Meli ileile! Akapunga mikono yote miwili.

"Nisaidieni! Nisaidieni jamani!"

Meli nzima ikampungia. Akaruka juu na chini kwa hasira. Meli nzima ikaruka juu na chini kwa furaha. Akapiga magoti akashika kichwa, na wanawake fulani wa sitaha ya juu wakashangilia, wakidhani ndiyo mtindo mpya wa kucheza.

Na upande wa pili, kidogo kidogo, akaona boti yake mwenyewe inakuja, imenyooka kama mfereji wa shambani. Kwenye usukani, kitambaa cha maua.

Mama mkwe!

"Ogelea hadi hapa, wewe wa mapazia!" sauti ikapita juu ya maji. "Nikisogea zaidi nitalima mawe!"

Bedri alitazama kulia, alitazama kushoto. Kuokolewa na mama mkwe? Habari hiyo ifike Konya? Isikike mpaka kwa daktari wa meno? Afadhali mapovu! Akajitupa majini upande wa meli, na kwa sababu ya lile jaketi lenye bidii akafika salama. Wakamvuta kwa mikono, wakambwaga sitahani, na kabla hajakaa sawa wimbi la mapovu likamfunika mwili mzima, likamwachia pua.

Kijana wa mlangoni akamwinamia.

"Tikiti?"

"Liko kwenye boti," Bedri akasema akitema povu. "Mama mkwe analo. Ila bado halijakatwa."

Kijana akamwita mkubwa wake. Mkubwa akaja na kipaza sauti, akamtazama yule baba aliyelowa, akaupunguza muziki.

"Mabibi na mabwana, tahadhari kidogo. Tumeokota baba. Ana masharubu, ana kitambi kiasi, amevaa jaketi la rangi ya machungwa. Nani kapoteza baba?"

Watu wakaangua kicheko. Sauti ile ikavuma juu ya ghuba nzima, ikagonga milima, ikarudi: baba, baba, baba.

"Wetu!" akaitika Bibi Makbule kutoka chini, boti imeshajipanga ubavuni mwa meli kwa ustadi mkubwa. "Mshusheni taratibu, ni wa nyumbani!"

Mkubwa wa meli akachungulia. "Nahodha wa boti hiyo ni nani?"

Bedri akafungua mdomo kwa mazoea. Povu likaingia.

"Mimi," akasema Makbule.

Wakamshusha kama kabati. Nermin akamkumbatia, akamfinya, akamkumbatia tena, hajui aanze na lipi. Ndipo Bibi Makbule, akimtazama mkwe wake mwenye povu masikioni, akaanza kutikisika mabega. Nermin alishtuka, akidhani mama analia. Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akauachia usukani, akacheka mpaka kitambaa kikamvuka, kicheko ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia tangu wamzike mzee. Nermin naye akacheka, machozi yanamtoka. Na Bedri, bila kupenda, akajikuta anacheka nao.

Walikula wali wao baridi boti ikielea, Makbule akishika usukani kwa mkono mmoja na kipande cha tikiti kwa mwingine, na hakuna aliyethubutu kumwomba ampishe.

Kesho yake Bedri alilala mpaka jua likamchoma usoni. Alipoamka, chumba kilikuwa kitupu. Akatoka kwenye roshani. Kule chini, boti ya Zekeriya ilikuwa inatoka bandarini inakata maji, kitambaa cha maua mbele, Nermin na Defne wakiimba nyuma.

Jirani wa roshani ya pili, mzee mmoja na gazeti lake, akavutiwa.

"Mama yule anaendesha kweli! Unamfahamu?"

Bedri akajinyoosha. Kifua kikatoka.

"Mama mkwe wangu. Nimemfundisha mwenyewe."

"Maashallah! Sasa mbona wewe hukwenda?"

Bedri akaikazia macho bahari, akitafuta jibu lenye hadhi. Alikuwa tayari amelipata, linahusu makamanda wakuu na namna wanavyoongoza wakiwa nchi kavu, na alikuwa amekwisha kuinua kidole ili alitoe, sauti ya Makbule ilipokuja kutoka majini, kubwa, wazi, hoteli nzima ikasikia:

"Mwanangu! Usisahau kuanika taulo!"