Pampu Iliyozinduliwa kwa Simu

Kiti kitupu kilichovikwa shada la maua ni mwaliko, na Gourhari Santra hakulelewa kukataa mialiko.

Alikuwa amesimama kwenye mdomo wa Kichochoro cha Kansari, mjini Haripara, akihema. Asubuhi ile alikuwa mshenga wa bwana harusi tajiri ambaye hakuwahi kuzaliwa, na kaka wa bibi harusi, mtu wa maswali mengi na mikono minene, alimlazimisha kuaga kupitia dirisha la jikoni. Ndiyo maana alikuwa na kanzu nyeupe ya pasi, marashi shingoni, na kiatu kimoja kilicholowa. Mbele yake limetandazwa turubai. Chini ya turubai viti vya plastiki vimepangwa juu ya matofali, na matofali yamesimama ndani ya maji meusi. Juu ya yote, bango: TAARIFA YA DIWANI KWA WANANCHI. MATATIZO YA MTAA NA MIRADI YA JAMII. Pembeni, picha ya Mheshimiwa Nripen Samaddar, viganja vimekutana kifuani, nywele nyeusi tii, masharubu, mashavu yametiwa rangi ya waridi na mpiga chapa.

"Anakuja kweli?" Gourhari alimuuliza mzee aliyekuwa akifukuza nzi kwenye shada.

"Alisema anakuja mwaka wa mafuriko makubwa. Tukakaa. Akasema sikukuu ya mungu wa kike Kali. Tukakaa. Kabla ya uchaguzi akatuma bango. Baada ya uchaguzi akatuma bango kubwa zaidi, ndilo hilo. Lina faida, linazuia mvua."

"Kwa hiyo hamumjui kwa sura?"

"Sura si hiyo hapo?"

Gourhari akaitazama. Ilikuwa na nywele, masharubu na kanzu nyeupe. Yeye alikuwa navyo vyote vitatu.

Kichochoro hicho ni cha wafua shaba wa zamani. Nyundo zimenyamaza siku nyingi, lakini hakuna nyumba isiyo na masinia, mitungi na vikombe vya harusi ya bibi chini ya kitanda. Mfereji wake ulizibwa na kontrakta aliyeletwa kuuzibua, akalipwa, akapigwa picha. Tangu hapo mvua ikinyesha maji hayatoki, yanaingia majikoni kusalimia. Mwaka juzi marehemu Phoni alitolewa kwake juu ya mashina ya migomba yaliyofungwa kamba, wajukuu wakipiga kasia, na siku ileile ofisi ya manispaa ikatangaza kwamba hali ya mtaa ni ya kuridhisha. Yapo mambo watu huyasahau. Hilo si mojawapo. Na sasa mawingu ya msimu yalikuwa yameshaanza kukunja uso upande wa mto.

Gourhari akapandisha kanzu, akaingia majini kwa mwendo wa mtu anayesubiriwa.

Wa kwanza kumfikia alikuwa Bhabatosh Kundu, mwenye duka la vitamu vya maziwa, tumbo likimtangulia kama mjumbe. Alimvika shada kabla ya kumuuliza jina. Wanawake wakapiga vigelegele, mtu akapuliza kombe la baharini, na tapeli akapanda jukwaani, akagonga kipaza sauti.

"Ndugu zangu, mama zangu! Nimechelewa."

"Miaka minane," ilijibu sauti ya kikongwe kutoka safu ya mbele. Huyo ndiye Shangazi Khiroda, mwembamba kama ufito, anayeuza bisi za mchele na asiyesamehe chenji.

"Nilikuwa nawafanyia kazi kwa mbali, Shangazi. Ya karibu huumiza macho. Sasa, taarifa! Taa za barabarani: giza limepungua kwa nusu, hasa mchana." Makofi. "Mbu: kamati imeundwa, na mbu nao wameombwa kuleta wawakilishi." Makofi zaidi. "Mbwa koko: wameelimishwa. Wengine wameonyesha nia ya kuhama."

"Na haya maji?" akauliza Shangazi Khiroda.

"Haya si maji, mama. Huu ni mradi ambao haujazinduliwa." Gourhari akashusha sauti kama mtu anayetoa siri ya nyumbani. "Pampu ipo. Kubwa, ya kisasa. Imepungukiwa kitu kimoja tu: moyo. Moyo wa pampu ni shaba. Wataalamu walijaribu chuma, maji yakakataa kupanda. Serikali shaba haina. Ninyi mnayo. Kila nyumba ilete chombo, na atakayeleta kizito kushinda wenzake, pampu itaitwa kwa jina lake milele."

Kundu alisimama. "Milele ya kupaka rangi au ya kuchonga?"

"Ya kuchonga."

"Nikileta sufuria langu la kuchemshia maziwa, lile la babu?"

"Utawekwa na picha."

"Picha ya mzima au kichwa tu?"

"Mzima, Bwana Kundu. Tutatafuta ukuta."

Hapo mtaa ukachemka. Yalitoka masinia, mitungi, vibuyu vya kunawia, kengele ya mungu wa nyumbani. Kundu alikodi guta kwa fedha yake mwenyewe, maana mtu ambaye jina lake litaishi milele haombwi nauli. Vyombo vikafungwa ndani ya magunia, magunia yakapakiwa. Gourhari alishuka jukwaani na tabasamu la baba wa watu, akaweka mguu kwenye pedali.

"Basi naikimbiza shaba kwa wataalamu. Kesho asubuhi mtaniona."

"Mzingireni," alisema Shangazi Khiroda.

Alisema kwa upole, kama anayesema chakula kiko tayari. Na watu wa Kichochoro cha Kansari, waliowahi kumzingira meneja wa kiwanda, mwalimu mkuu na mganga wa wilaya, walijua kila mmoja nafasi yake. Wakachukua viti, wakapanga duara kuzunguka guta, wakaketi. Hakuna aliyemgusa. Kuzingira si kupiga, ni kukaa. Aliyezingirwa hupewa chai, huulizwa habari za watoto, hupepewa akiona joto. Ila haendi mahali. Hata haja ndogo hujadiliwa kwanza.

"Mama yangu, shaba itachelewa!"

"Itakaa nawe. Umesema pampu ipo. Ije tuitie moyo hapahapa, sisi ni wafua shaba."

"Lakini taratibu..."

"Mpeni chai Mheshimiwa. Na simu."

Gourhari alikunywa kikombe cha kwanza akitafuta mwanya. Hakukuwa na mwanya. Alikunywa cha pili akisimulia ugonjwa wake wa moyo, wakamletea mto wa kuegemea. Cha tatu kilimkumbusha kwamba mwanadamu ana kibofu. Ndipo akainyakua simu, akapiga ghala la manispaa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasema uongo kwa ajili ya jambo la kweli. Haukuwa na ladha tofauti.

"Haldar!" alinguruma. Jina la injinia alikuwa amenong'onezwa na Kundu. "Unanijua mimi ni nani?"

"N-nani, bwana?"

"Anauliza nani! Ndiyo maana jina lako limefika mezani kwa waziri."

"Mheshimiwa Samaddar? Sauti yako imebadilika."

"Nina hasira. Hujawahi kunisikia nikiwa na hasira kwa sababu hujawahi kunisikia nikifanya kazi. Kesho waziri anatembea kwa miguu Kichochoro cha Kansari, na waandishi wa habari nyuma yake. Pampu iko wapi?"

"Si ile uliyosema isiguswe, Mheshimiwa?"

Duara lote likainama kuelekea simu.

"Rudia," alisema Gourhari, safari hii bila kunguruma.

"Ile ya Kansari. Ililetwa mwaka juzi, mvua hazijaanza. Ukasema ikae chini ya turubai mpaka ipatikane siku njema ya kuizindua na mgeni wa heshima. Tunaipaka mafuta kila mwezi. Inang'aa, Mheshimiwa. Paka amezalia ndani."

Watu walikuwa wakihesabu kichwani mashina ya migomba. Pampu ilikuwepo, nzima yenye afya, ikipakwa mafuta, siku Phoni anapigiwa kasia na wajukuu zake. Gourhari Santra, aliyewahi kuuza kisima kimoja kwa wajane wawili, aliweka kikombe cha chai chini bila kukimaliza.

"Haldar, imezinduliwa," alisema.

"Imezinduliwa lini?"

"Sasa hivi. Mama zangu!"

Akanyanyua simu juu. Wanawake wakaimiminia vigelegele, kombe likapulizwa hadi mpulizaji akaona nyota, Kundu akakata utepe wa boksi la vitamu karibu na kipaza sauti ili injinia asikie mkasi, na mtu akapasua nazi. Upande wa pili ilisikika sauti ya mtu anayesimama wima kwa heshima.

"Nimepokea, Mheshimiwa. Naileta."

"Paka umshushe kwanza."

Ilifika kabla jua halijapinda, juu ya lori, ikiwa na mafundi. Ilikuwa na moyo wake tangu kiwandani, jambo ambalo Kundu alilipokea kwa huzuni. Ilikohoa, ikatetemeka, ikaanza kunywa. Maji meusi yalishuka ngazi moja baada ya nyingine kama mgeni aliyeona hapendwi. Chini yake vikajitokeza baiskeli, kibao cha zamani cha duka la Kundu, na mfereji wenyewe, uliojaa tope zito hadi mdomoni. Watu wakaingia na makoleo. Wengine walilia. Mzee wa nzi alikuwa akicheka peke yake, amesimama pakavu mbele ya mlango wake, akipakanyaga tena na tena.

Katikati ya hayo gari jeupe likafika. Akashuka mtu mnene, mwenye upara, mkononi kashika mkasi.

"Nani amezindua pampu yangu?" alipiga kelele. "Miaka minane nimewakataza watu kushika utepe wangu! Mimi ndiye Diwani Samaddar!"

Makoleo yakasimama. Watu wakamtazama yeye, wakatazama bango, wakamtazama tena.

"Wewe?" alisema Kundu. "Wa kwenye picha ana nywele."

"Ni picha ya harusi yangu, mpumbavu wewe! Shangazi! Shangazi Khiroda, waambie! Ni mimi, Nripen, mtoto wa kaka yako!"

Shangazi Khiroda alimkagua polepole, toka upara hadi viatu. Viatu vilikuwa safi.

"Nripen wangu hajui njia ya hapa," alisema. "Mzingireni."

Viti vikahama. Duara likamfunga mtu wa mkasi, na mtu akamwekea chai. Gourhari alijikuta nje ya duara, peke yake, bure. Shangazi akamjia, kanga imemfunika kichwa, mikono nyuma.

"Ni mpwa wako kweli?" alinong'ona Gourhari.

"Nilimwogesha hadi akaanza shule."

"Basi ulijua tangu mwanzo!"

"Ulipopanda jukwaani. Sisi wanawake tulimzingira yule mara tatu kwenye ofisi yake, mwanangu. Alilia, akaapa kwa mama yake, tukamwachia. Kutudanganya sisi tu ndiko anakojua. Kudanganya ofisi hawezi. Tulikuwa tunahitaji fundi."

Sifa zilimpanda Gourhari kichwani. Miaka yote ile ya madirisha ya jikoni, na hakuna aliyewahi kumwita fundi.

"Na shaba?"

"Nimefunga magunia mwenyewe, yako kwenye guta. Mfanyakazi na ujira wake. Nenda kabla hawajamaliza chai."

Aliondoka akiendesha kwa nguvu zake zote, mifupa ikilia, moyo ukiimba. Njia nzima alijisifu: kwa siku moja amekuwa diwani, ameleta pampu, na anaondoka na harusi za mabibi wote wa Kansari. Guta lilikuwa zito kupita alivyokumbuka. Utajiri huwa hivyo, aliwaza, mzigo huongezeka njiani. Nyuma yake kitu kilikuwa kikidondoka, akadhani ni manyunyu.

Kwenye kona ya mtaa jirani wa Jeletola alisimama ili apapase walau kibuyu kimoja. Akafungua gunia la kwanza, akazamisha mkono hadi kiwiko.

Likafungua mdomo na kumpumulia usoni. Lilikuwa tope la miaka minane, jeusi, lililokolea. La pili hivyohivyo. La tatu lilikuwa na chura. Manispaa ilikuwa imeshindwa kuliondoa tope hilo tangu kontrakta yule apigwe picha, na yeye alikuwa amelisafirisha nje ya mtaa kwa pumzi zake mwenyewe, guta limelipiwa na Kundu.

Alitukana kwa lugha tatu. Akaanza kuyasukuma magunia chini, kanzu nyeupe ikigeuka nyeusi, shada la maua bado shingoni. Hakuona kwamba kwenye vibaraza vya Jeletola, palipokuwa na maji hadi magotini, watu walikuwa wameacha kucheza karata.

"Nani yule?"

"Kavaa shada."

"Anabeba tope la mfereji. Kwa mikono yake!"

"Shemeji yangu wa Kansari kapiga simu sasa hivi. Anasema wamepata diwani mpya, anapiga simu moja na pampu inakuja."

"Diwani hawezi kushika tope."

"Ndiyo nakwambia, huyu ni mpya!"

Gourhari alisikia vigelegele, akainua kichwa. Walikuwa wanakuja kutoka kila mlango, wanawake, wazee, mwalimu mmoja mwenye mwavuli, wote majini, na kila mmoja ameshika kiti. Alitazama kulia: viti. Alitazama kushoto: viti. Bibi mmoja aliyefanana na Khiroda kama shilingi kwa shilingi alikuwa amekwisha kuketi mbele ya gurudumu la guta, akilainisha nguo yake magotini.

"Karibu, Mheshimiwa," alisema. "Sisi letu ni daraja."

Gourhari Santra alifuta tope usoni, akapokea chai, akaketi.

"Leteni simu," alisema.