Tangi la Pili la Pikapu ya Marehemu Baba

Kwa Meneja,
Kiwanda cha Pikapu,
Idara ya Matangi (na kama idara hiyo haipo, apewe yeyote anayejua bomba lipi linakwenda wapi).

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU TANGI LA PILI, NA OMBI LA CHETI

Natumaini barua hii itawakuta wazima, nyinyi na mashine zenu. Mimi ni mzima wa mwili. Ni seremala wa milango na fremu za madirisha, mtoto wa kwanza wa marehemu mteja wenu, na nimevaa shati safi kabla ya kushika kalamu ili msije mkadhani nina hasira.

Marehemu baba aliinunua pikapu kwenu ikiwa mpya, zama zile mlipokuwa mkitumia chuma kizito na kumpa mteja hiari ya matangi. Kijitabu chenu bado tunacho. Mteja aliweza kuridhika na tangi moja, lile lililo ndani ya kebini nyuma ya kiti, au aongeze pesa awekewe na la pili chini ya bodi, pamoja na swichi ya kuchagulia tangi la kutumia. Baba alikuwa mtu wa tahadhari. Alivaa mkanda, na juu ya mkanda akafunga kamba. Akachukua yote mawili, na hapo ndipo mlipotuharibia ukoo.

Alipofariki alituachia pikapu moja, wana wawili na matangi mawili. Hesabu ilionekana imekaa vizuri. Mimi mkubwa nikachukua tangi la nyuma ya kiti. Mdogo wangu, ambaye ni fundi wa vioo, akachukua la chini ya bodi. Tukawa tunaendesha kwa zamu, kila mtu swichi akiielekeza kwake na kujaza lake. Mimi nachonga fremu, yeye anatia kioo, na pikapu inabeba vyote. Watu walitusifu, na mama alikuwa akiwaita majirani waje watuone tunavyopakia mzigo. Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Geji ya petroli ni moja. Mlimpa mtu matangi mawili mkamnyima geji ya pili, nayo inaonyesha tangi lililochaguliwa tu. Mtu akitaka kujua hali ya ndugu yake lazima aguse swichi, na akikutwa ameishika ataulizwa anatafuta nini. Mimi niliulizwa. Nikajibu kwamba nafuta vumbi, na tangu siku hiyo ikabidi niwe nafuta vumbi kweli.

2. Tangi langu mmeliweka mgongoni kwangu. Petroli ikipungua naisikia ikicheza humo ndani kila nikikata kona, chwa, chwa. Ikaanza kucheza mapema mno. Nikijaza leo, baada ya safari mbili tatu inacheza, na wakati huohuo tangi la mdogo wangu halipungui kama la watu wengine. Nikasema kikulacho ki nguoni mwako, nikafunga kufuli kwenye kifuniko. Petroli ikazidi kucheza. Nikanunua kufuli kubwa zaidi, haikusaidia. Nikahitimisha kwamba mdogo wangu amechonga ufunguo, na nililisema hilo mbele ya mama, sahani zikiwa bado mezani.

3. Mdogo wangu naye kumbe alikuwa na lake moyoni. Alisema kila nikiendesha mimi, na lake likiwa limejaa, petroli yake hutoka kwenye kifuniko ikamwagika njiani, na kuna wateja waliomwonyesha michirizi. Akaniambia namwaga mafuta yake kwa husuda. Nawaomba mnifikirie, mtu mwenye mvi, eti nimesimamisha gari kando ya barabara, nimeinama na ndoo, namwaga petroli ya ndugu yangu.

Tangu siku hiyo hatusemezani. Najua damu ni nzito kuliko maji, ila waliosema hivyo hawakuipima na petroli. Fremu zangu zinatoka bila vioo na vioo vyake vimeegemea ukuta vikisubiri fremu. Mwalimu mstaafu wa nyumba ya tatu amefunika dirisha kwa kalenda, na kila mwezi ukiisha anachana ukurasa na kuuliza kazi yake itakwisha lini. Kinyozi ameziba lake kwa mbao, ananyoa kwa taa mchana.

4. Sasa limemfikia mama. Nyumba anayoishi inavuja, na mvua hazina siku nyingi. Tulikubaliana, kabla ya haya, kwamba ahamie chumba kilicho kati ya nyumba yangu na ya mdogo wangu. Chumba kina kila kitu isipokuwa dirisha lina fremu yangu tu. Mama amesema hahamii kwenye upepo. Amesema pia kwamba hapandi pikapu hiyo mpaka akae katikati, mwana huku na mwana huku. (Kiti chenu ni kirefu, kinatosha watu watatu. Hilo nawashukuru.) Basi ameshafunga godoro lake kwa kamba, ameketi juu yake, na kila nikienda kumwona ananiuliza mwenzangu yuko wapi.

5. Hapa ndipo lilipo kosa lenu hasa. Niliipeleka pikapu kwa fundi magari wetu, tunayemwita Grisi, ili awe shahidi wangu kuhusu wizi. Akaingia uvunguni. Alipotoka akasema hakuna aliyeiba. Akanieleza kwamba pampu huvuta petroli nyingi kuliko inayotakiwa na injini, na inayobaki hurudishwa. Swichi yenu inachagua pa kuvuta. Pa kurudisha haichagui, bomba la kurudishia ni moja, nalo linaishia chini ya bodi siku zote. Kwa hiyo nikiendesha kwa tangi langu, navuta kwangu narudisha kwa mdogo wangu. Lake likijaa, linatapika. Nilimwuliza Grisi kama ana hakika. Akaniuliza kama nataka kulala chini nikaone mwenyewe. Sikutaka, kwa sababu ya shati.

Ndugu Meneja, tazameni mlikonifikisha. Nilikuwa na hasira nzuri, yenye mwenyewe na anwani. Sasa ninayo ileile, haijapungua hata tone, lakini haina pa kwenda. Ndugu aliyekuibia unaweza kumsamehe ukajiona mkubwa. Bomba utalisamehe namna gani? Tena, kwa mujibu wa bomba, anayetakiwa kuomba radhi ni mimi. Mimi ni mkubwa. Katika ukoo wetu mkubwa huombwa radhi, haombi.

6. Nimelitafakari jambo hili zaidi, nikaona ni kubwa kuliko nilivyodhani. Ikiwa miaka yote petroli yangu imekuwa ikienda kwake, basi vioo vyake vimesambazwa kwa gharama yangu. Maana yake kila mtu anayechungulia nje katika mji huu anachungulia kwa hisani yangu, pamoja na ofisi za serikali, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunishukuru.

Kwa heshima zote, basi, naomba mojawapo ya yafuatayo. Kwanza, mniandikie cheti chenye mhuri kwamba pikapu zenu haziwezi kufanya jambo kama hilo na kwamba Grisi hajui kazi. Sitakitumia vibaya, nitamwonyesha mama tu. Ikiwa dhamiri haiwaruhusu, mtangaze kwamba hamkuwahi kutoa hiari ya tangi la pili, na lililo chini ya bodi yetu limeota lenyewe.

Likishindikana na hilo, mtume afisa aje amwombe radhi mdogo wangu kwa niaba yangu. Awe mtu mzima, mwenye sauti ya upole. Maneno ya kusema nitampa mimi. Nimeshayajaribu peke yangu karakanani, mbele ya fremu, na yanatoka vizuri kabisa ikiwa hakuna mtu. Tatizo huanza mtu akitokea. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Watu wa mtaa huu wameshika kapu siku nyingi na hakuna cha kuvuna, na mimi usiku silali vizuri.

Nisalimieni wafanyakazi wote wa kiwandani, wa zamu zote, mpaka mlinzi wa getini na mama anayewapikia chai. Kama aliyechora bomba la kurudishia bado yu hai, mpeni salamu za pekee, na mumwulize kama alizaliwa peke yake.

Wenu anayesubiri kwa subira iliyobaki,

Seremala,
mtoto wa kwanza wa mteja wenu.

Tanbihi: Nimefungua bahasha ili niongeze haya. Nilikuwa njiani kuipeleka barua posta, zamu ikiwa yangu, tangi langu likakauka. Nilitazama huku na huku, nikaielekeza swichi kwa mdogo wangu. Gari likawaka mara moja. Mbele kidogo nikamkuta mwenyewe anatembea kwa miguu, amekumbatia kioo kikubwa kilichofungwa blanketi, anakipeleka chumbani kwa mama, kwa kuwa leo hakuwa na gari. Nikasimama. Akapanda, akakiweka kioo mapajani, akaitazama swichi. Nikangoja aseme. Macho yake yakahamia kwenye bahasha, akasoma anwani.

"Kaka, hata mimi nimewaandikia hawa," akasema. "Grisi alishaniambia habari za bomba tangu mwezi uliopita. Nikawaomba cheti kwamba si kweli."

Nikaendesha polepole mpaka chumbani kwa mama. Kioo kiliingia kwenye fremu bila kukwaruza popote. Kesho tunakwenda kumchukua mama.

Barua naituma kwa sababu stempu nimeshabandika. Lakini zikiwafikia zote mbili, yake na yangu, nawasihi msijibu hata moja. Mkijibu, mmoja wetu atakuwa na haki, na sisi kioo tumeshakitia.