Tafadhali Usiguse Tumba za Radi

Jumatatu, 3 Machi

Nimedharauliwa ndani ya karakana yangu. Na aliyenidharau alikuwa amekalia kochi langu!

Kila Jumamosi mashabiki wa Kumbakumba Jazz hukusanyika hapa kusikiliza kanda za maonyesho yao ya zamani. Wanakuja kwangu kwa sababu mimi ni fundi wa makochi, na mtaa mzima hakuna mwingine mwenye pa kukalisha watu wote hao. Bendi yenyewe ilivunjika zamani. Haidhuru. Jukwaani wimbo wao mmoja ulikuwa unamaliza upande mzima wa kanda. Ukiigeuza, gitaa bado linazunguka, kiitikio hakijafika. Muziki ule haumtaki mtu mwenye haraka. Unamtaka mtu mwenye kochi.

Jumamosi hii tunachagua mwenyekiti. Nilijua ni mimi. Neno lenyewe linasema: mwenye kiti. Nani ana viti?

Leo akapita Makaseti. Huyu ni karani mstaafu wa posta, mwembamba, kalamu mfukoni, na kanda zote ni zake. Amezipanga kwa tarehe kama barua za rejista. Akakaa, akakunja nne, akasema kwa upole kwamba mwenyekiti afaa awe mtu mwenye mchango wa muziki, si wa sponji. Kinyozi jirani yangu, aliyekuja kuazima nyundo, akacheka.

Nikafungua mdomo nimjibu. Mdomo ukaenda peke yake. Ukasema kwamba ninazo tumba za Radi, ngoma zile zile za jukwaani.

Radi! Mpiga tumba wa Kumbakumba! Kinyozi akaangusha nyundo. Makaseti akashusha mguu.

Sina tumba za Radi. Sina tumba za mtu yeyote.

Jumanne, 4 Machi

Kazi imeanza. Mapipa mawili ya plastiki, yale ya rangi ya ukuta. Juu nimewamba rekzini, ile ngozi ya bandia, ya kahawia iliyobaki nilipotengeneza stuli za mama wa saluni. Ikabonyea katikati kama tumbo la mtu aliyelala njaa. Nikajaza sponji kwa ndani. Ikajaa vizuri! Kasoro ndogo tu: ukiipiga inasema pfu.

Suluhisho: haitapigwa.

Nimezizeesha kwa msasa na maji ya chai. Nikaongeza mkwaruzo mmoja mrefu kwa bisibisi. Ubunifu wa hali ya juu.

Mke wangu, ambaye hushona foronya za mito pale kwenye kona, aliuliza natengeneza nini. Nikasema historia. Akasema historia hiyo inafanana mno na stuli za mama wa saluni. Mwanamke huyu hana jicho la sanaa.

Jumatano, 5 Machi

Nimeweka kibao: TAFADHALI USIGUSE TUMBA ZA RADI. Kibao kinafanya nusu ya kazi. Hata mimi mwenyewe nilipokisoma nilisita kuzigusa.

Kinyozi alifika wa kwanza. Akavua kofia. Akasema anazikumbuka kabisa, hata huo mkwaruzo anaukumbuka, aliuona siku bendi ilipopiga uwanjani. Nilimshukuru kwa ushahidi wake.

Halafu Makaseti. Akazizunguka kimya kimya. Akaomba agonge mara moja tu, kwa kidole. Nikamwambia ngozi imechoka, kidole kimoja na historia inachanika. Akarudisha mkono mfukoni. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba nimefanya jambo kubwa kuzitunza, akaondoka bila kuaga.

Ushindi mtupu! Lakini kwa nini alisema kwa sauti ile?

Ijumaa, 7 Machi

Balaa. Radi yuko hai.

Makaseti amemtafuta. Amezunguka ofisi za maji mpaka akampata, maana bendi ilipovunjika Radi aliajiriwa kusoma mita za maji, na huko ndiko alikostaafu. Anaishi na binti yake ng'ambo ya soko. Binti amesema baba yake hataki kabisa habari za bendi. Wenzake waliuza vyombo vyote bila kumwambia. Alikwenda mazoezini siku moja akakuta jukwaa tupu. Tangu hapo redio ikipiga Kumbakumba, anaizima. Lakini aliposikia yuko fundi aliyezitunza tumba zake miaka yote hii, mzee akamwomba binti ampigie pasi shati.

Kesho anakuja.

Makaseti alinieleza haya macho yamelowa. Hakuwa ananitega. Laiti angekuwa ananitega!

Kitu kikanichoma kifuani. Nikadhani ni msumari. Nimekagua shati lote. Hakuna msumari.

Mpango: tumba ziibwe kabla hajafika. Nimezungumza na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwenye pikapu. Asubuhi, mimi nikiwa nimekwenda kununua biskuti za wageni, ataingia mlango wa nyuma na kuchukua vitu viwili vilivyofunikwa kitambaa cha bluu. Shemeji akauliza kama huo si wizi. Nikamweleza kwamba mtu hawezi kujiibia. Akasema basi sawa, mradi dada yake asijue.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika upesi kabla sijaanza kuiremba siku yenyewe.

Nilirudi na biskuti. Karakana imefurika, watu wamekaa mpaka kwenye mikono ya makochi. Nikashika kichwa kama nilivyofanya mazoezi, nikapiga ukunga: jamani, nimeibiwa! Wote wakageuka. Na katikati yao, wima, zimefutwa vumbi, zikang'aa: tumba mbili.

Mke wangu akauliza nimeibiwa nini. Nikasema bado sijajua.

Kumbe asubuhi alizifunua ili wageni wazione, na kile kitambaa cha bluu akafunikia stuli za mama wa saluni zisichafuke. Shemeji amebeba stuli!

Sikupata hata dakika ya kufikiri. Radi akaingia. Mzee mfupi, mabega mapana, shati limenyooshwa mpaka linakata, binti yake amemshika mkono. Shikamoo zikamwagika kutoka pande zote. Watu wakainuka kumpisha, lakini mzee alikuwa amechoka na njia. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Nikaona anakoelekea. Nikataka kupiga kelele, nikachelewa.

Akakaa juu ya tumba.

Tumba ikashuka pole pole, ikatoa pumzi ndefu, puuuu, kama ng'ombe anayelala.

“Ahsante sana, fundi,” akasema. “Kiti kizuri, laini. Haya, hizo tumba zangu ziko wapi?”

Kinyozi akasoma kibao, akatazama makalio ya mzee, akasoma kibao tena.

Nikasubiri Makaseti animalize. Alikuwa na haki. Alinitazama tu, na kutazamwa vile ni kubaya kuliko kutukanwa. Ikabidi niseme mwenyewe.

“Mzee, moja umeikalia.”

Radi akainuka. Akaibonyeza kwa kidole. Akabonyeza na ya pili. Akainama kusikiliza sponji inavyorudi. Halafu mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe ni kicheko. Alicheka mpaka binti akamshika kiuno. Akasema waliouza vyombo vyake walikuwa marafiki zake wa damu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumtengenezea vingine. Mimi na yeye hatujuani, na nimemtengenezea. Vibaya, akasema, vibaya sana, lakini nimetengeneza.

Nikaomba msamaha. Akanipungia mkono kama anafukuza inzi.

Basi Makaseti akaweka kanda yake ya thamani kuliko zote. Kanda ya ukumbi wa reli! Aliirekodi mwenyewe ujanani, kwa redio-kaseti ya betri, ndiyo maana umeme ulipokatika katikati ya wimbo, redio haikukatika. Unasikia magitaa yanakufa yote kwa pamoja. Tumba zinabaki peke yake gizani. Kisha zinapungua mwendo, zinapungua tena. Miaka mingi tumegombania hapo. Makaseti husema ule ni ufundi wa ngazi ya juu. Mimi husema jamaa alikuwa amechoka.

Ikafika pale pale umeme unapokatika, mashine ikaimeza kanda.

Kanda ya pekee, haina nakala. Makaseti akafungua mashine, utepe umejisokota ndani kama utumbo wa kuku. Wiki nzima nimeomba Makaseti apatwe na jambo. Sasa limempata, na sikuona utamu wake hata kidogo. Nikachukua sindano yangu iliyopinda, ile ya kushonea kona za mito. Nikamwambia aniachie. Akaniachia! Nikauvuta utepe taratibu, mkunjo kwa mkunjo, na yeye akauviringisha nyuma kwa kalamu yake. Haukukatika.

Tumba zikarudi. Peke yake, gizani, zikipungua mwendo. Radi alisikiliza amefumba macho. Kinyozi hakuweza kujizuia, akamuuliza: je, ulikuwa ufundi au uchovu?

“Ilikuwa hofu,” Radi akasema. “Taa zilipozimika nilisikia watu wanaanza kukimbilia mlango. Ukumbi ule ulikuwa na mlango mmoja, mwembamba. Nikajua nikinyamaza tu, watakanyagana. Basi nikapiga. Nikapunguza, nikapunguza, mpaka nikasikia miguu inatulia na watu wanaanza kuimba.”

Kwenye kanda watu walikuwa wanaimba. Mzee akasema hajawahi kuisikia. Hakujua kama waliimba vizuri hivyo.

Halafu mikono yake ikaanza. Vidole vimekakamaa, binti alinionyesha kwa jicho, lakini vikaanza. Kwenye goti kwanza. Kisha akaivuta fremu ya kochi ambalo sijalivisha, plaiwudi tupu, akaigonga mgongoni. Mama yangu! Plaiwudi ikaongea! Sisi tukaitikia kwa makofi, binti akaimba, mimi nikagonga bati la gundi, na Makaseti akaingiza kanda mpya akabonyeza kitufe chekundu. Tulimaliza upande mzima. Alipoigeuza, kiitikio kilikuwa bado.

Uchaguzi ulifuata. Makaseti ameshinda kwa kura zote, pamoja na yangu. Mimi nimepewa kusimamia viti.

Jumapili, 9 Machi

Stuli zimepatikana. Shemeji alizificha sebuleni kwake na watoto wamezirukia mpaka zimelegea. Mke wangu amejua kila kitu. Alinisema tangu chai mpaka maji ya kuoga, bila kurudia tusi hata moja. Nimewamba stuli upya.

Jioni alikaa karibu nami akasema jambo. Alikuwamo ukumbini mle. Usiku ule wa giza. Alikuwa msichana, amekuja na mama yake, wamebanwa karibu kabisa na mlango. Alikwisha kuinuliwa miguu kutoka chini na msukumano. Halafu tumba zikapungua mwendo, na msukumano ukapungua nazo, akahisi sakafu tena.

Nikamuuliza miaka yote hii ya ndoa, na kanda zote hizi, kwa nini hajaniambia. Akasema hajapata nafasi, mimi huwa nazungumza.

Nikakaa kimya kwa muda mrefu kuliko kawaida yangu. Mke wangu akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Kesho anampelekea Radi mto alioushona mwenyewe. Mzee amesema atakuja kila Jumamosi, na kwamba nisiivishe fremu ile. Mwenye kochi atangoja.

Jumatano, 12 Machi

Ajabu na kweli! Kanda yetu mpya imeanza kutembea. Makaseti aliwapa watu wawili nakala, wawili wakawapa wengine, na leo amepiga simu mwenyekiti wa mashabiki wa mji wa jirani. Sauti nzito, ya mtu mwenye miwani. Wanataka kuja mwezi ujao, basi zima! Alimwuliza mke wangu mwenyekiti yuko wapi, mke wangu akanipa mimi simu kwa sababu nilikuwa karibu. Sikuona haja ya kumchanganya mgeni kwa maelezo mengi.

Nimejifunza mengi wiki hii. Nimejifunza kwamba ukweli ni mwepesi kubeba na kwamba watu husamehe. Nilikuwa naelekea kumweleza hayo, kwa kweli nilikuwa naelekea huko, ndipo akauliza kama tuna chombo chochote cha jukwaani cha kuwaonyesha watu wake.

Mdomo ukaenda peke yake. Ukasema tunalo tarumbeta la Kumbakumba, lile lile.

Nimeshazungumza na fundi bomba. Ana mabomba ya shaba yaliyobaki, na anasema kupinda si kazi. Kipaza cha mbele tutatumia faneli, ile ya kumiminia mafuta ya taa. Makaseti asijue kwanza, atashtuka bure. Safari hii sioni pa kuharibikia, maana nimeufikiria mpango kwa makini na kuziba tundu lililotuponza.

Tarumbeta halikaliwi.