Kozi ya Maneno Tisa

Jumamosi, 4 Julai
Baba amepiga simu kutoka Muleba. Maombi ya chuo yanafungwa Jumatano. Kabla ya hapo nimtajie kozi yenye ajira ya uhakika, la sivyo nirudi kupalilia migomba. Mimi, Mutalemwa, niliyemaliza kidato cha sita!

Chuo cha mabaharia kina kozi mbili. Jirani yetu Odoyo amechagua Uhandisi wa Meli, eti inakupa na leseni. Leseni! Hata bodaboda wa hapa Ilemela wanazo. Mimi nimechagua Shahada ya Usimamizi wa Usafirishaji Majini, Bandari na Ugavi. Maneno tisa. Nilipomsomea Baba, aliomba nirudie polepole, aandike.

Jumapili, 5 Julai
Kozi yangu imetangazwa kanisani Muleba, baada ya matangazo ya ndoa. Odoyo hajatangazwa popote.

Jumatatu, 6 Julai
Nimeshuka bandarini kukagua ofisi yangu ya baadaye. Nikamkuta Mzee Malimi, mhandisi wa meli. Nilimpa shikamoo, nikamweleza kwa upole kwamba baada ya miaka michache nitakuwa bosi wake. Akauliza leseni yangu itakuwa ya daraja gani. Nikamtajia yale maneno tisa. Akasema wenye shahada za ofisini wamejaa tele, ila mhandisi mwenye leseni anatafutwa kwa tochi. Eti mimi nitaingia melini kwa tiketi, kama abiria.

Njiani nimeona migomba kila mahali. Niliogopa kweli.

Jumanne, 7 Julai
Shangazi Leonsia, ninayeishi kwake, amesoma kijitabu cha chuo huku akiparua sato. Amesema kozi ya Odoyo inatoa shahada na leseni pia, na mazoezi ya melini yamo. Nibadilishe leo leo.

Nimebadilisha. Lakini Shahada ya Uhandisi wa Meli ni maneno matano tu! Baba ataficha wapi uso? Nimeongezea kidogo: na Mitambo Yake Yote Pamoja na Leseni ya Kazi Melini. Kumi na tano. Baba amekwenda kutafuta karatasi kubwa.

Jumatatu, 20 Julai
Nimechaguliwa! Baba amechinja mbuzi. Odoyo naye amepata, tutakaa darasa moja, maskini.

Nimepita Nyamagana kwa Venant, anayechapa kadi za kujitambulisha. Amesema jina la kozi halienei. Mbele kumejaa, nyuma kumejaa, lazima kitu kiondoke.

Sikufikiri mara mbili. Nimemwambia aondoe leseni.